Kona za Mumo

Mashine ya kuchagua makadamia ilikuwa inatupa makadamia nzuri kwenye pipa la takataka, na Gachau, msimamizi wake, alisimama mbele yake na kujitanua kama mzazi anayeficha mtoto mtukutu wageni wakiingia.

"Sogea tuone," alisema Sajenti Mukonyo.

"Madam, ikienda polepole haina neno. Shida inaanza ikikimbia."

"Basi ikimbie. Nimetoka Ruiru bila chai, angalau nione sinema."

Gachau aliwasha. Mkanda ulianza kujivuta, makadamia zikapita chini ya kamera moja moja, na kwenye kioo kila moja ilionekana safi, duara, unaweza kuhesabu hata mikwaruzo yake. Ilipopita iliyooza, bomba dogo la upepo liliipuliza pembeni. Ndipo akaongeza kasi. Mota kubwa ilinguruma chini ya sakafu, kioo kikajaa chembe nyeupe kama mtu amekimwagia unga, na mabomba yote ya upepo yakaanza kufyatua ovyo. Makadamia moja ilimpata Konstebo Gichuru katikati ya paji la uso.

"Andika hiyo," Mukonyo alimwambia. "Afisa ameshambuliwa akiwa kazini."

Gichuru alicheka huku akijipapasa. Sajenti mwenyewe hakucheka. Waliofanya kazi naye katika ofisi ya upelelezi Ruiru walimjua: kadiri alivyoogopa ndivyo alivyotania, na siku hiyo alikuwa ametania kila mtu tangu alfajiri, hadi mlinzi wa geti na mbwa wake.

Aliyemtia hofu hiyo alikuwa kijana ambaye hajawahi hata kumwona. Jina lake Mumo, miaka ishirini na tisa, kazi yake kuchora bodi za elektroniki katika karakana moja pale Ruiru. Jumatatu jioni alitoweka, na mashine ndogo ya kuchonga shaba ikatoweka naye. Mwajiri wake, Mzee Kagwe, alifika kituoni Jumanne asubuhi kuripoti wizi: kijana ameiba mashine, ametoroka. Mambo yangeishia kwenye kitabu cha ripoti kama Wanja, mwenzake Mumo kazini, hangefungua friji ya karakana kutoa maziwa na kukuta kalamu nne za insulini kwenye mlango. Mumo alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu kidato cha pili. Mtu anayetoroka anaweza kuacha nguo, anaweza kuacha kodi ya nyumba, anaweza hata kuacha bibi. Haachi dawa inayomshikilia duniani. Wanja ndiye aliyewaelekeza kwenye kiwanda hiki cha makadamia, mteja wa Kagwe aliyeacha ghafla kununua bodi zao.

Daktari aliyepigiwa simu hakupamba maneno. Kalamu aliyokuwa nayo Mumo mfukoni, kama alikuwa nayo, ingemfikisha Jumanne usiku. Leo ilikuwa Jumatano, saa tano na nusu. "Mkimpata kesho asubuhi," daktari alisema, "mtampata amelala. Kuamka ni maneno mengine."

Mukonyo alimgeukia Gachau. "Hii bodi ya kamera ulinunua kwa nani?"

"Kwa mtu wa simu."

"Mtu wa simu hana jina?"

"Alisema anaitwa Githae."

"Akina Githae wako wangapi hapa Thika?"

Gachau aliitazama mashine yake. "Wengi, Madam."

"Ulimwona uso?"

"Sijawahi. Bodi inaletwa na mtu wa boda, imefungwa kwa karatasi ya mkate. Ya kwanza ililetwa wiki jana. Nusu ya bei ya kule kwa Kagwe! Nikasema nisaidie kampuni." Aliona jinsi Mukonyo anavyomtazama, akaongeza haraka, "Sawa, nilikuwa pia nijisaidie. Lakini mambo ya huyo kijana siyajui. Naapa kwa mama yangu."

"Mwache mama apumzike. Ya kwanza ilikufanyia hivi hivi?"

"Hivi hivi. Nikampigia, nikamwambia chukua takataka yako. Akasema nitulie, fundi wao ataitengeneza. Leo saa tatu wameleta nyingine. Ndiyo hiyo uliyoona. Nikampigia tena, akakasirika vibaya. Akasema kesho italetwa ambayo haina shida, lazima."

"Hiyo ya fundi ataitengeneza, alikuambia siku gani?"

"Jumatatu. Ilikuwa lunch, kama saa saba."

Saa saba mchana mtu analalamikiwa kwamba bodi yake ni mbovu. Saa kumi na mbili jioni kijana pekee anayejua kuchora bodi ile anatoweka, pamoja na mashine ya kuichonga. Mukonyo alimwambia Gachau azime mashine, achomoe bodi hiyo na kuleta ile ya kwanza. Kisha akatoa bahasha mbili za kaki, akaweka bodi ya wiki jana katika moja na ya leo katika nyingine, akamwambia Gachau atie sahihi kote kuwili. Sahihi ya Gachau ilikuwa kama miguu ya kuku.

Huko nje, Gichuru aliwasha gari. "Kwa hivyo kijana hakutoroka, Madam."

"Amechukuliwa aitengeneze."

"Basi ako hai! Si ni vizuri?"

"Ako hai mpaka bodi iwe nzuri, Gichuru. Siku bodi ikikubali, huyo mtu wa simu anabaki na kijana anayejua sura yake, na hana kazi naye tena." Alifunga mkanda wa kiti. "Endesha kama unaendea mshahara."

* * *

Karakana ya Kagwe ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi. Mtu yeyote aliyeingia pale kwa mara ya kwanza alikaribishwa na kuta. Nyaya zote za umeme zilipita juu ya ukuta, nyeupe, zimenyooka kana kwamba zilipigwa kwa rula, na kila zilipogeuka ziligeuka kwa pembe mraba, bila hata moja kulegea. Kibanio kimoja kila baada ya vidole vinne. Jana, alipokuja kuandika maelezo, Mukonyo alikuwa amezisifu, na Kagwe akavimba kichwa.

"Mimi nilianza na stima za nyumba," alikuwa amemwambia. "Kabla ya hawa watoto wa kompyuta. Nikiona waya umepinda, Madam, sipati usingizi."

Leo Kagwe aliwapokea mlangoni, shati limepigwa pasi, kalamu tatu za wino mfukoni. "Madam Sajenti! Mwizi wangu mmemshika?"

"Bado, mzee. Tunaomba darubini yenu na huyu msichana wako, dakika kumi tu."

"Chukueni hata saa nzima. Mmeshinda na njaa, naona. Acha niwaletee chai kutoka hapo chini." Akashuka ngazi, akiimba wimbo wa kanisani chini kwa chini.

Wanja alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kupima bodi kabla hazijauzwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kabla Mukonyo hajafungua bahasha, alimsukumia simu yake juu ya meza. Ujumbe ulikuwa umeingia usiku wa jana, kutoka namba isiyo na jina: *Wacha kumtafuta Mumo. Wendani si mbali.*

"Nakaa Kahawa Wendani," Wanja alisema. "Madam, sijalala. Nimeweka kitanda mlangoni."

"Kitanda cha nini, wewe mwembamba hivyo? Ungeweka landlord." Mukonyo alinakili ile namba na kumkabidhi Gichuru. Ilikuwa ile ile ya mtu wa simu, waliyopewa na Gachau. Akavuta kiti karibu zaidi, akapunguza sauti. "Sikia, mami. Nimeleta bodi mbili. Nieleze kama unaelezea nyanya yako. Nani amechora hizi?"

Wanja aliweka ya wiki jana chini ya darubini. Hakuchukua hata nusu dakika.

"Hii ni kazi ya Mumo, na kila bodi yake ikiuzwa hapa, nusu ya pesa ni yake. Lakini kuna mtu ameiharibu."

"Ameiharibu vipi?"

"Tazama hapa. Laini mbili za shaba zinazokwenda pamoja. Tunaziita pacha. Madam, umewahi kubeba sufuria kubwa ya githeri kwenye harusi? Wewe sikio hili, mwingine sikio lile?"

"Nimebeba. Nimemwaga pia."

"Ulimwaga kwa nini?"

"Mwenzangu aliona bwana harusi akakimbia."

Wanja karibu atabasamu. "Basi hizi laini mbili ni hao wabebaji. Picha ya kamera ndiyo githeri, na inapita hapa kwa kasi ambayo siwezi hata kukuambia ukaamini. Wakienda sambamba, hata mtu awasukume wote wawili, sufuria haimwagiki. Sasa wakikata kona, wa nje ana safari ndefu kuliko wa ndani. Wa ndani afanye nini?"

"Ajikokote kidogo."

"Ndiyo hivyo. Mumo humchezesha yule wa ndani, tukona tudogo tudogo, hapo hapo karibu na kona kubwa, ili wafike pamoja. Hii hapa ni bodi yetu halisi. Unaona tukona?" Mukonyo aliinama kwenye darubini. Aliona mstari wa shaba ukipindapinda kama njia ya mchwa, mzuri kabisa. "Na hii ni ya wiki jana. Tukona tumekwenda. Mtu ametunyoosha. Aliona ni uchafu, akasafisha. Sasa mbebaji mmoja anafika mbele ya mwenzake, na githeri iko chini."

"Mtu gani anaweza kunyoosha hivyo?"

"Mtu asiyejua ni za nini."

"Na alipata wapi mchoro? Alipiga bodi picha?"

Wanja alitikisa kichwa. Kidole chake kilionyesha tundu la skrubu kwenye kona ya bodi. "Hili tundu Mumo aliliweka mahali pabaya mwezi wa pili. Nilimcheka siku mbili. Akalihamisha kabla hatujatengeneza hata bodi moja. Hakuna bodi duniani yenye tundu hapa. Ni faili tu, na hiyo faili iko kwa hiyo kompyuta pale." Sauti yake ilishuka hadi ikawa pumzi. "Wanaojua password ni watatu. Mumo. Mimi. Na..."

Mukonyo hakungoja jina. Alikuwa amenyanyua macho kutoka kwenye darubini, na macho yake yakatua ukutani, kwenye nyaya nyeupe zilizonyooka, pembe mraba, kibanio kila vidole vinne. Akairudia bodi ya wiki jana. Laini zimenyooka, pembe mraba. Akautazama ukuta tena.

"Haraka," alinong'ona. "Hii ya leo."

Bodi ya leo haikuwa na rangi ya kijani. Ilikuwa shaba tupu, imechongwa kwa mashine ndogo na kuchomewa kwa mkono. Wanja aliitazama, akaziba mdomo. "Ni yeye. Ngai, ni mkono wake. Tukona tumerudi! Ako hai, Madam, angalau jana usiku alikuwa hai." Akageuza bodi upande wa pili. Akaigeuza tena. "Lakini hapa... hapana. Hii haiwezekani."

"Nini?"

"Chini ya wale pacha lazima kuwe na shuka moja la shaba, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo barabara wanayokanyaga. Hapa amelikata. Ameweka mtaro katikati ya barabara, na akawapitisha hao wabebaji juu yake bila daraja. Ukiipima mezani inafanya kazi, utaapa ni nzima. Mota kubwa ikiwashwa karibu, githeri yote inakwenda mtaroni. Hili kosa, Madam, yeye ndiye alinifundisha. Alinifokea siku nzima juu yake. Mumo hawezi kukosea hapa. Amefanya hivi kwa..."

Ubao wa sakafu ulilia. Kagwe alikuwa mlangoni, chupa ya chai mkono mmoja, vikombe mkono mwingine. Wimbo wa kanisani ulikuwa umekoma, na Mukonyo hakujua umekoma lini.

Chini ya meza, kiatu cha polisi kilikanyaga kidole cha Wanja kwa nguvu zote.

Kuna wakati mtu anapewa sekunde moja ya kufanya hesabu ya maisha ya mtu mwingine. Wakisema bodi hii ni nzuri, Mumo hana kazi tena. Wakisema imeharibiwa makusudi, Kagwe atajua amechezewa, na atamfikia kijana kwanza kabla polisi hawajajua pa kuanzia. Na akikamatwa hapa hapa, akaamua kunyamaza kwa siku moja tu, daktari alishasema kesho asubuhi kuna nini.

"...kwa mkono unaotetemeka," Mukonyo alimalizia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Ndivyo unasema, si ndiyo? Huyu aliyechora ni mgonjwa."

Wanja alimtazama. Kisha, polepole, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Sukari ikipanda, macho yanaona vitu viwili viwili. Angalia alivyokata hapa. Hakuona."

Kagwe aliweka vikombe. Hakumwaga hata tone. "Kumbe mmepata bodi zangu zilizoibwa! Na hii haifanyi kazi?"

"Ikiwa mezani tu, mzee," Wanja alisema. "Kwa mashine haiwezi."

"Wewe unaweza kuirekebisha, mami?"

Alimuuliza kwa upole, kama baba. Gichuru, aliyekuwa dirishani, aliacha kutafuna kijiti chake. Msichana huyu ndiye aliyekuwa akijigamba kwa kila mteja kwamba hakuna bodi inayomshinda Kiambu nzima.

"Mimi?" Wanja alicheka kicheko kidogo, kibovu. "Mzee, si unanijua. Mimi ni wa kupima tu. Hii ni Mumo peke yake, na akiwa mzima."

"Ah." Kagwe alimimina chai.

"Hiyo dawa yake, kwanza," Mukonyo alisema, akichukua kikombe. "Watu wa maabara watakuja kesho kuichukua, si iko kwa friji bado? Sijui hata ni ngapi. Gichuru, uliandika ni ngapi?"

"Sikuandika, Madam."

"Ona sasa. Hawa ndio vijana wa siku hizi. Daktari anasema sindano moja tu, huyo kijana anaamka na kuona mistari kama kawaida. Bila hiyo, kesho hata jina lake hatalijua." Alipiga funda. "Mzee, hii chai umeweka tangawizi? Utaharibu polisi."

Walikunywa, wakaaga, wakashuka. Kwenye ngazi Mukonyo alimsikia Gichuru akinong'ona nyuma yake, "Madam, niliandika. Ni nne."

"Najua ni nne. Tembea."

* * *

Walikaa kwenye gari nyuma ya jamaa wa kuziba pancha, mahali walipoona geti la karakana bila kuonekana. Dakika tano. Nane. Jamaa wa pancha aliwauliza kama wana shida ya gurudumu, Mukonyo akamwambia shida yao ni ya moyo. Dakika kumi na moja.

"Na kama hatachukua?" Gichuru aliuliza.

Mukonyo aliendelea kulitazama geti. Alikuwa amemwacha msichana ghorofani na mtu huyo, na kidole chake kilikuwa juu ya simu tangu waketi.

Dakika ya kumi na nne, Kagwe alitoka. Aliingia kwenye pikapu yake nyeupe, akachungulia huku na huku, akaelekea barabara kuu. Papo hapo simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Wanja: *Zilikuwa 4. Ziko 3.*

"Twende," alisema Mukonyo. "Mbali naye. Akituona, basi."

Pikapu ilishika barabara ya Thika, ikapita Juja, ikaingia Thika mjini na kutoka upande wa Garissa. Mukonyo aliomba gari la wagonjwa kwa simu, akaomba na askari wa Thika, ila akawaambia wasipige king'ora. Kisha pikapu ikakata kulia, lami ikaisha, na vumbi likainuka. Gatuanyaga. Mukonyo alizaliwa huko, akachunga mbuzi wa baba yake huko, akakimbilia ajira ili asile vumbi hilo tena. Lilikuwa limemsubiri.

Lilikuwa zito kiasi kwamba waliiona pikapu mara ya mwisho kwenye daraja dogo la mkondo uliokauka. Walipovuka na vumbi likatulia, barabara ilikuwa tupu. Mbele yao kulikuwa na maboma matatu yaliyoachana kama hatua mia, yote na geti la mabati, yote yamefungwa. Magurudumu ya pikipiki yalikuwa yamechanganya alama zote chini.

"Tugonge gani?" Gichuru aliuliza.

"Ukigonga isiyo yake, atasikia. Zima gari."

Kimya kilishuka. Mbuzi mmoja, huko mbali. Mukonyo alishuka, akaacha mlango wazi usije ukagonga. Boma la kwanza: waya wa stima ulitoka kwenye nguzo ukiwa umelegea, ukaegemea mti wa miiba, ukafika nyumbani kwa taabu. La pili halikuwa na waya, lilikuwa na kioo cha sola juu ya bati. La tatu lilikuwa banda refu la kuku lisilo na sauti ya kuku. Waya wake ulikaza kutoka nguzo hadi ukutani, ukateremka ukutani wima, ukageuka kwa pembe mraba na kuingia dirishani. Kibanio kimoja kila vidole vinne.

Alimwonyesha Gichuru kwa kidevu tu.

Walipitia kwenye ua, mahali miiba ilipokuwa nyembamba. Mukonyo alitoa bastola. Mlango wa banda ulikuwa umerudishwa bila kufungwa. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, na ile mashine ndogo ya kuchonga shaba. Chini, juu ya magunia, mguu wake mmoja umefungwa mnyororo kwenye nguzo, alilala kijana. Alipumua haraka na kwa kina, kama aliyekimbizwa, na harufu ya matunda yaliyochacha ilijaa chumba kizima. Mzee Kagwe alikuwa amepiga magoti kando yake, mgongo kwa mlango, kalamu ya insulini mkononi. Kifuniko chake bado hakijatoka.

"Inadungwa wapi?" alikuwa akiuliza, sauti ikipanda. "Mumo! Nimekuletea dawa, si ulikuwa unaomba? Inadungwa wapi? Amka uone mistari!"

"Tumboni, mzee," Mukonyo alisema.

Kagwe aligeuka. Aliona bastola, akaona Gichuru, na mkono wenye kalamu ukaanza kuinuka hewani kama wa mtu anayejisalimisha.

"Hapana. Usiweke mikono juu. Toa kifuniko. Mpe yeye mwenyewe aizungushe, anajua kipimo. Halafu umsaidie kudunga. Taratibu. Ukiiangusha, nakuapia sitakumbuka sheria yoyote niliyofundishwa."

Ilikuwa dakika ndefu kuliko zote alizowahi kusimama. Kagwe alitoa kifuniko. Mumo alifungua macho nusu, vidole vyake vikatafuta kalamu, vikageuza kitako chake, kikalia kidogo kidogo. Kagwe aliinua shati lake. Sindano iliingia. Gichuru alihesabu hadi kumi kwa sauti bila kuambiwa. Ndipo Mukonyo akasema, "Sasa mikono kichwani," na Gichuru akamfunga pingu, akatoa funguo mfukoni mwake na kuufungua ule mnyororo. Huko nje gari la wagonjwa lilisikika likivuka daraja la mkondo mkavu.

Mukonyo alipiga magoti kwenye magunia. Mdomo wa kijana ulikuwa umepasuka kwa ukavu, na ilibidi ainame sana ili asikie.

"Wanja..." Mumo alisema. "Aliona?"

"Aliona."

Kijana alifumba macho. Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwake, kikapotea.

"Aliona nini?" Kagwe aliuliza akiwa sakafuni. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na ilionekana wazi kwamba alitaka kujua kweli. "Si ilikuwa nzima? Mimi nilipima mezani, ilifanya kazi. Aliona nini?"

Gichuru alimgeukia Sajenti wake akisubiri utani, maana hapa palifaa kabisa. Lakini Mukonyo alikuwa ameketi kwenye vumbi la kwao, mkono wa kijana ndani ya mkono wake, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuwa na mzaha wowote wa kusema.